Kusoma jenomu na kupima utendaji wa jeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kusoma jenomu na kupima utendaji wa jeni kuna tofauti gani?

Jenomu ni DNA yote ya kiumbe. Seli ya ini na seli ya ngozi za mtu mmoja zina jenomu ileile, ila kila moja imewasha jeni zake na kuzizima nyingine. Jeni iliyowashwa hunakiliwa kuwa RNA, na kwa kuhesabu nakala hizo tunajua ipi inafanya kazi na kwa kiasi gani.

Mfano mzuri ni kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum. Kina jeni za familia ya var zipatazo 60, na kwa kawaida kila kimelea huwasha moja tu kwa wakati mmoja. Protini inayotokana na jeni hiyo hujitokeza juu ya chembe nyekundu ya damu, na kinga ya mwili ikianza kuitambua, wapo vimelea waliokwisha kuhamia jeni nyingine. Ukisoma DNA utaziona zote 60 na hutajua ipi iliyokuwa kazini mgonjwa alipotolewa damu. Hapo unahitaji RNA. Lakini kama unachotafuta ni mabadiliko ya jeni ya kelch13, yale yanayofanya dawa za jamii ya artemisinini zichelewe kumaliza vimelea, RNA ni gharama isiyo na faida. DNA inatosha, hata ya tone la damu kwenye karatasi.

Kwa hiyo amua swali kabla ya kununua kitendanishi (kemikali ya maabara) chochote. Miradi mingi ya RNA inayokwama ilikuwa na swali la DNA tangu mwanzo.

Jenomu ya binadamu si ilimalizwa 2003? Mbona wanasema ilikamilika 2022?

Mradi wa kimataifa ulioanza 1990 ulitangaza kumaliza kazi 2003, baada ya rasimu ya 2001. Asilimia 8 hivi ilibaki haijasomwa: sehemu za katikati ya kromosomu na maeneo ambayo herufi zilezile za DNA (A, C, G na T) hujirudia mara maelfu. Vipande vifupi vinavyotoka maeneo hayo vinafanana mno, na kompyuta haiwezi kujua kipi kinakaa wapi. Teknolojia ya kusoma vipande virefu ndiyo iliyofungua njia. Mwaka 2022 ikatoka jenomu isiyo na pengo, yenye herufi zaidi ya bilioni 3, na 2023 ikafuata kromosomu Y nzima, herufi milioni 62 na ushei.

Hata hiyo ni jenomu moja tu. Utafiti wa H3Africa, mradi wa jenomu za Waafrika, uliochapishwa 2020 ulisoma jenomu za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na makabila ya Afrika, ukapata tofauti zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Kwa anayechambua sampuli za Waafrika maana yake ni hii: usiite badiliko "la nadra" kwa sababu tu halimo kwenye hifadhidata iliyojaa Wazungu.

Nitumie mashine ipi?

Inategemea urefu wa kipande unachohitaji. Mashine za Illumina husoma vipande vifupi, mara nyingi herufi 150 kila upande, kwa usahihi mkubwa. Zinafaa kuhesabu RNA na kutafuta mabadiliko ya herufi moja moja. PacBio katika mfumo wake wa HiFi husoma vipande vya herufi 15,000 hadi 20,000 kwa usahihi unaopita asilimia 99.9, na ndiyo chaguo la kwanza ukitaka kujenga jenomu mpya. Oxford Nanopore huvuta uzi wa DNA kupitia tundu la protini na kupima mkondo wa umeme unavyobadilika. Inaweza kusoma vipande vya herufi laki kadhaa, hata kuvuka milioni, na mashine yake ndogo, MinION, hukaa kiganjani na kuchomekwa kwenye kompyuta.

Udhaifu wa Nanopore ni pale herufi moja inapojirudia mfululizo, kama AAAAAAAA: huenda ikasoma saba badala ya nane. Matoleo mapya ya matundu yamepunguza tatizo bila kulimaliza. Kwa falciparum, ambaye asilimia 80 hivi ya jenomu yake ni A na T, hilo si jambo dogo. Usitangaze kwamba herufi imeongezeka au kupungua kwenye mfululizo wa namna hiyo bila kuhakikisha kwa njia nyingine.

Kisahani cha MinION (kile chenye matundu, ambamo sampuli hupakiwa) kikifika, kikague mara moja kabla hakijaingia kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Mtengenezaji hudhamini matundu hai yasiyopungua 800. Kisahani kilichopigwa joto bandarini au uwanja wa ndege hujulikana hapo hapo, na ukichelewa kukikagua dhamana inakupita. Wakati wa kupakia, kiputo kimoja cha hewa kikipita juu ya utando huua matundu yote kinayoyagusa, na hayafufuki. Kwanza vuta nyuma mikrolita chache hadi uone kimiminika cha njano kikiingia kwenye ncha ya pipeti, kisha ndipo usukume polepole.

Nataka jenomu ya kimelea cha malaria kutoka damu ya mgonjwa. Kwa nini napata DNA ya binadamu tupu?

Kwa sababu ya hesabu. Jenomu ya falciparum ina herufi milioni 23. Chembe nyeupe moja ya damu ina zaidi ya bilioni 6, maana hubeba seti mbili. Chembe nyeupe moja tu ina DNA sawa na ya vimelea 260 au zaidi. Mgonjwa mwenye vimelea wachache akikupa damu, karibu kila utakachosoma ni chake yeye.

Suluhisho hutegemea ulichonacho mkononi:

- Damu mbichi ya mshipani, mililita 2 au zaidi: ipitishe kwenye safu ya selulosi kuondoa chembe nyeupe, ndani ya saa chache tangu kutolewa. Ukishaigandisha umechelewa, kwani chembe nyeupe zimepasuka na DNA yake imeshachanganyika na ya vimelea. Tumia tyubu zenye EDTA kuzuia damu isigande. Heparini, inayofanya kazi hiyo pia, huzuia PCR, yaani mbinu ya kuzidisha nakala za DNA.
- Damu iliyokaushwa kwenye karatasi: kuza DNA ya kimelea kwa kimeng'enya cha phi29, kinachonakili DNA, na vianzilishi (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) vilivyochaguliwa kushika jenomu ya kimelea zaidi kuliko ya binadamu. Njia hii hukuza maeneo kwa viwango tofauti, kwa hiyo usiitumie kuhesabu idadi ya nakala za jeni.
- Jeni chache tu zinahitajika, tuseme kelch13 na zile za ukinzani wa SP (dawa ya malaria ya sulfadoksini na pirimethamini): kuza vipande hivyo peke yake kwa PCR kisha uvisome. Ni rahisi, inakubali vimelea wachache, na kwa ufuatiliaji wa ukinzani ndiyo njia tunayoipendekeza.

Karatasi ikaushwe kivulini, mahali pasipo nzi, kwa saa kadhaa au usiku kucha, kisha kila moja iingie kwenye mfuko wake pamoja na kifuko cha silika. Zikifungwa na unyevu, kuvu huanza ndani ya siku chache. Msimu wa masika kagua silika kila wiki na uibadilishe rangi ikigeuka.

Kiasi cha kusoma: ukitaka kila herufi ya kimelea isomwe mara 50, unahitaji herufi bilioni 1.15. Ikiwa asilimia 90 ya DNA yako ni ya binadamu, zidisha kwa 10. Ndiyo maana saa moja ya kuchuja damu ni nafuu kuliko kulipia mashine mara kumi.

Kwa nini RNA huharibika haraka hivi?

Vimeng'enya vinavyoikata vimo kwenye sampuli yenyewe, kwenye jasho, kwenye vumbi na juu ya meza. Haviharibiki kirahisi hata vikichemshwa: vingi hurudia umbo lake vikipoa. DNA husamehe uzembe, RNA haisamehi.

Tishu ikitoka mwilini, ikate vipande visivyozidi nusu sentimita kwa unene na uitumbukize kwenye kihifadhi cha RNA, ujazo wa kihifadhi ukiwa mara 5 hadi 10 ya tishu. Kipande kinene huoza katikati kabla kihifadhi hakijapenya. Iache kwenye nyuzi 4 usiku kucha, kisha ndipo igandishwe. Ukiigandisha papo hapo kihifadhi kitaganda nje na tishu itabaki bila kinga. Kwa damu, tyubu za PAXgene, zenye kihifadhi cha RNA ndani, huchukua mililita 2.5. Baada ya kujaa zipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10, na huvumilia joto la chumba, nyuzi 18 hadi 25, hadi siku 3. Angalia hizo nyuzi: chumba cha kituo cha afya cha pwani mwezi Februari kinazidi hapo, kwa hiyo beba kasha lenye barafu.

Ukitoa RNA kwa Trizol, kimiminika kinachoyeyusha tishu, tumia mililita 1 kwa miligramu 50 hadi 100 za tishu, kisha mililita 0.2 za klorofomu, na uzungushe kwenye sentrifuji kwa g 12,000 kwa dakika 15 kwenye nyuzi 4. Utaona tabaka tatu. RNA imo kwenye maji ya juu yasiyo na rangi. Acha sehemu ya chini ya maji hayo bila kuigusa, maana tamaa ya kuyamaliza yote ndiyo inayonyonya DNA kutoka tabaka la kati. Na kamwe usimwage Trizol kwenye ndoo yenye jiki: guanidini iliyomo ikikutana na klorini hutoa gesi yenye sumu.

Vipimo vinasema RNA yangu ni nzuri, lakini maabara ya kusoma imeikataa. Kwa nini?

Pengine umetumia kipimo cha mwanga peke yake. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280) wa 2.0 na ule wa 260/230 wa karibu 2 hadi 2.2 unasema sampuli haina protini wala mabaki ya guanidini. Hausemi kama nyuzi za RNA ni nzima au zimekatikakatika. Pia mwanga huhesabu DNA na RNA kwa pamoja, hivyo kiasi unachoona huenda ni kikubwa kuliko kilichopo. Pima kiasi kwa rangi inayong'aa inaposhika RNA, kama Qubit, na uzima wake kwa mashine inayotoa alama ya RIN, kuanzia 1 hadi 10. Maabara nyingi hutaka 7 kwenda juu.

Tahadhari kwa wanaofanya kazi na mbu. RNA ya ribosomu (mtambo wa seli wa kutengeneza protini) ina aina kuu mbili, 28S na 18S, na ile ya 28S ya wadudu wengi ina mkato wa asili. Ikipashwa moto kabla ya kipimo huachana vipande viwili vinavyokaa karibu na 18S, na grafu huonyesha kilele kimoja. Mashine huipa alama mbaya ilhali RNA ni nzima. Kwa mbu, tazama mstari wa chini wa grafu: ukiwa tambarare bila mlundikano wa vipande vifupi, sampuli yako iko salama. Waeleze maabara mapema, maana wengine hukataa kwa kuangalia namba tu.

Je, nisome RNA yote?

Hapana. Zaidi ya asilimia 80 ya RNA ya seli ni ya ribosomu, na usipoiondoa ndiyo utakayolipia. Njia moja ni kunasa RNA zenye mkia wa A nyingi. Inafaa kwa binadamu, mimea na kimelea cha malaria, mradi RNA ni nzima. Ikiwa imekatika, unanasa ncha za mkiani tu na mwanzo wa jeni unapotea. Njia ya pili ni kuondoa RNA ya ribosomu kwa vinasio maalumu. Kwa bakteria hakuna hiari, kwani RNA zake nyingi hazina mkia unaofaa kunaswa. Damu nzima ina tatizo lake: nakala za globini, jeni za protini ya hemoglobini, zinaweza kuwa zaidi ya nusu ya RNA yote yenye mkia. Agiza kifaa cha kuondoa globini pamoja na vitendanishi vingine. Kukikumbuka baadaye ni kungoja shehena nyingine.

Maktaba yangu (vipande vilivyoandaliwa kwa mashine) ina kilele kidogo kwenye herufi 120 hadi 150. Kina madhara?

Kina madhara. Hizo ni adapta, yaani vipande vya DNA vinavyounganishwa kwenye ncha ili mashine isome, zilizoungana zenyewe bila kipande chochote katikati. Vipande vifupi hupanda kwenye mashine ya Illumina kwa urahisi kuliko virefu, kwa hiyo asilimia 5 kwenye grafu inaweza kula sehemu kubwa zaidi ya usomaji. Sababu ya kawaida ni RNA kidogo kwa adapta nyingi. Safisha tena kwa shanga za sumaku kwa uwiano wa 0.8 hadi 0.9 ya ujazo wa sampuli. Shanga zitoke kwenye jokofu nusu saa kabla na zichanganywe hadi rangi iwe moja. Etanoli ya asilimia 80 itengenezwe siku hiyo hiyo: ya juzi imepoteza etanoli hewani, maji yamezidi, na DNA inayeyuka na kumwagwa. Shanga zikikauka hadi kupasuka, DNA haitoki vizuri. Zikiacha tu kung'aa, weka maji.

Nahitaji sampuli ngapi, na vipande milioni ngapi kwa kila sampuli?

Kwa kulinganisha makundi mawili ya binadamu, vipande milioni 20 hadi 30 kwa sampuli vinatosha. Fedha ikibaki, ongeza watu, si idadi ya vipande kwa kila sampuli. Marudio matatu kwa kundi ni kiwango cha chini kabisa kwa seli za maabarani. Sita ni afadhali. Kwa wagonjwa halisi, wanaotofautiana umri, lishe na maambukizi mengine, fikiria makumi. Sampuli moja iliyosomwa mara tatu bado ni sampuli moja.

Kosa baya kuliko yote halitokei kwenye mashine. Ni pale wagonjwa wote wanapochakatwa Jumatatu na wasio wagonjwa Jumatano. Tofauti utakayoiona haitajulikana kama ni ya ugonjwa au ya siku, na hakuna programu itakayoitenganisha. Changanya makundi kwenye kila awamu ya kazi, kwa kura.

Yapo pia mabadiliko ambayo si ya jeni. Mgonjwa wa maambukizi ya bakteria ana neutrofili (aina ya chembe nyeupe) nyingi, kwa hiyo jeni zote za neutrofili zitaonekana "zimepanda" hata kama kila seli inafanya kazi kama jana. Omba hesabu kamili ya damu kwa kila sampuli. Kwa malaria ni vivyo hivyo: falciparum huzunguka kwa saa 48 ndani ya chembe nyekundu, na jeni zake nyingi hupanda na kushuka kwa ratiba hiyo. Wagonjwa wa kundi moja wakiwa na vimelea wachanga na wa kundi jingine vimelea waliokomaa, umepima umri wa kimelea.

Uchambuzi unahitaji kompyuta ya aina gani?

Programu ya STAR ikipanga vipande kwenye jenomu ya binadamu hula gigabaiti 30 hivi za RAM. HISAT2 huridhika na 8, na Salmon hufanya kazi kwenye kompyuta ya mkononi yenye 16. Kwa kuhesabu jeni zinazojulikana, Salmon inatosha kabisa, na umeme ukikatika huna cha kulia sana maana sampuli moja huchukua dakika chache.

Anza na FastQC, inayokagua ubora wa data. Ukiingia DESeq2 au edgeR, programu za kulinganisha makundi, peleka hesabu ghafi za vipande. Ukipeleka TPM (aina ya hesabu iliyosawazishwa) au namba nyingine zilizokwisha sawazishwa, DESeq2 hukataa zenye desimali, lakini ukizikadiria kuwa namba kamili, au ukitumia edgeR, zitapita na majibu yatakuwa ya uongo, kwa sababu hesabu zake zimejengwa juu ya namba kamili. Tazama thamani ya p (kipimo cha uwezekano wa bahati tu) iliyorekebishwa: ukipima jeni 20,000 kwa kikomo cha 0.05 bila kurekebisha, jeni 1,000 zinaweza kupita kwa bahati tu.

Na usifungue orodha ya jeni kwa Excel bila kuweka safu ya majina kuwa maandishi. Hugeuza SEPT2 na MARCH1 kuwa tarehe. Tatizo lilienea hadi kamati ya majina ya jeni ikazibadilisha kuwa SEPTIN2 na MARCHF1, lakini faili za zamani bado zinazunguka.

Kupima seli moja moja ni bora kuliko kupima tishu nzima?

Ni bora pale unapotaka kujua seli zipi zimebadilika. Inataka seli hai, zilizotenganishwa vizuri, na kazi ianze muda mfupi baada ya tishu kutoka. Seli zilizokufa humwaga RNA yake na kuchafua majirani. Ukiona seli ambazo sehemu kubwa ya RNA yake ni ya mitokondria (sehemu ya seli inayotoa nishati), aghalabu zilikuwa zinakufa. Tishu iliyogandishwa haifai kwa seli nzima, ila viini vyake vinaweza kutolewa na kupimwa. Kitakwimu, seli 5,000 za mtu mmoja bado ni mtu mmoja: jumlisha hesabu kwa kila mtu kabla ya kulinganisha makundi.

Utafiti wa utendaji wa jeni umeshaleta tiba?

Umeleta, na inaihusu selimundu. Ugonjwa hutokana na herufi moja kwenye jeni ya HBB: A imegeuka T. Watafiti waligundua kwamba jeni nyingine, BCL11A, ndiyo inayozima hemoglobini ya kichanga, aina anayokuwa nayo mtoto akiwa tumboni, baada ya kuzaliwa. Tiba ya Casgevy, iliyoidhinishwa Uingereza Novemba 2023 na Marekani Desemba mwaka huo, haigusi kabisa ile herufi mbovu. Hukata swichi inayoiwasha BCL11A ndani ya seli mama za damu, na hemoglobini ya kichanga ikarudi. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2, na mgonjwa lazima apewe kwanza dawa kali ya kufuta uboho. Kwa hiyo kwa watoto wa Mwanza au Kisumu, uchunguzi wa mapema na dawa ya haidroksiurea ndiyo habari ya leo.

Naweza kupeleka sampuli au data nje ya nchi?

Sampuli zinahitaji kibali cha maadili na mkataba wa kuhamisha vielelezo kabla ya kupakiwa. Tanzania kibali cha kitaifa hupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Kenya leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Anza mapema, kabla ya kuagiza barafu kavu. Data nayo ina sheria: Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Jenomu humtambulisha mtu hata jina likifutwa. Unapoweka hadharani data ya kimelea au bakteria, ondoa kwanza vipande vya binadamu vilivyoambatana navyo: vipange kwenye jenomu ya binadamu, tupa vyote vilivyokaa, na ufanye hivyo kwenye faili za mwanzo, si kwenye matokeo peke yake.